Unamulika barabara au macho ya watu?

Kama mkoko huna, usifunue ukurasa mwingine, maana leo naongea na anayeendesha, anayepanda, na hata yule anayejitembelea zake kwa miguu saa mbili usiku akitoka dukani kununua sukari.

Nilikuwa Nyabibuye. Usijifanye unapajua! Nyabibuye ni kata ya wilaya ya Kakonko, mkoani Kigoma, pande za kuelekea mpaka wa Burundi. Wazee bado wanasema "Kibondo", kwa sababu Kakonko ilimegwa kutoka Kibondo mwaka 2012. Kutoka Dar unakaa kwenye basi mpaka magoti yanasahau kazi yake: Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, kona ya Nyakanazi, ndipo uitafute Kakonko. Kule ni nchi ya vilima, migomba, mihogo na maharage, na udongo mwekundu unaoingia hata kwenye soksi ulizozificha chini ya begi.

Stendi alinipokea mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo. Kijana ana Probox yake, anabeba watu na mizigo. Kabla hata ya kunipa pole ya safari akanizungusha mbele ya gari.

"Kaka, cheki taa hizo! Globu mpya, nyeupe peee. Elfu hamsini nimetoa. Usiku kwangu ni mchana."

Nikasema safi sana. Tukapakia: magunia mawili ya maharage nyuma, abiria wanne katikati, mimi mbele na begi langu mapajani. Giza likaingia tukiwa njiani.

Basi bwana, kila gari tuliyokutana nayo ikawa inatupigia fulu. Pa! Pa! Pa! Canter, fulu. Pikipiki, fulu. Mdogo wangu akawa anacheka: "Wivu tu huo, kaka. Hawajazoea mwanga." Nikachungulia kwenye dashibodi, ile taa ndogo ya buluu inayoonyesha fulu ilikuwa imezimika. Kweli kijana alikuwa ameweka dimu. Sheria ameifuata, sasa kosa liko wapi?

Jibu tulilikuta kwenye mteremko. Mbele yetu alikuwa anakuja mtu na baiskeli, anaisukuma kupanda, imebeba mikungu mitatu ya ndizi. Tulipomkaribia nikaona anainua mkono kuziba uso, baiskeli ikayumba, halafu mtu na baiskeli na ndizi vikapotea kwenye mtaro.

Tulisimama. Moyo wangu ulikuwa unagonga kama mashine ya kusaga. Tukateremka mbio, kumbe ni mzee wa pale pale kijijini.

"Shikamoo mzee, pole sana! Umeumia?"

"Marahaba. Goti tu. Wewe si mtoto wa yule dereva wa zamani?" Mdogo wangu akaitikia kwa sauti ya chini. Mzee akasema, "Mwanangu, sikuona barabara. Niliona jua." Hakutukana. Laiti angetukana! Akaongeza tu: "Haya, nimulikieni niokote ndizi zangu."

Sasa hapo ndipo aibu ilipotukamata. Mdogo wangu akaisogeza gari, akaielekeza mtaroni. Mpenzi msomaji, zile taa za elfu hamsini zilimulika majani ya migomba juu kule, unaweza kuhesabu mpaka yaliyochanika. Mtaroni ilipolala baiskeli, giza tupu! Ndizi za mzee tuliziokota kwa tochi ya simu.

Usiku ule mdogo wangu hakula vizuri. Ringi ya mbele ya baiskeli ilikuwa imepinda, na kule baiskeli ndiyo lori la mtu. Alikuwa anajua pia kwamba ingekuwa mita tatu zaidi, tungekuwa tunazungumza mambo mengine kabisa.

Asubuhi tukampelekea kesi baba mdogo. Huyu mzee aliendesha malori ya chakula miaka ile wakimbizi wa Burundi walipoingia kwa wingi baada ya mwaka 1993, na barabara za Kibondo na Kasulu anazijua kama viganja vyake. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja tu: "Hizo taa mlizipima ukutani?"

Tukatazamana.

"Ndiyo maana," akasema. "Mnanunua mwanga, lakini hamuuambii uende wapi."

Nikachukua kalamu, na haya ndiyo niliyoandika. Hayahitaji gereji wala mashine. Yanahitaji ukuta, sehemu tambarare, chaki, futi ya kupimia, bisibisi ya nyota, pengine spana ndogo, na kipande cha boksi.

Kwanza, andaa gari. Tairi zijazwe upepo sawasawa. Vioo vya taa visafishwe. Shika taa kwa mkono uitikise: ikicheza, imevunjika masikio au imefungwa kwa waya, hata ukiilenga leo kesho itakuwa inatazama kwingine. Itengeneze kwanza. Na kama kwenye dashibodi kuna kile kigurudumu chenye namba 0, 1, 2, 3, kirudishe kwenye 0. Wengi mnadhani kile ni cha redio! Ni cha kuteremsha taa gari inapobeba mzigo: namba ikipanda, mwanga unashuka.

Pili, tafuta uwanja. Nyabibuye ni vilima, sehemu tambarare ni ya kutafuta. Sisi tulipata sakafu ya saruji ya kuanikia mazao, iliyo mbele ya ghala lenye ukuta mweupe. Gari na mguu wa ukuta lazima vikae kwenye sakafu moja iliyonyooka. Gari ikiwa kwenye mteremko na ukuta uko kwenye tambarare, unajidanganya mwenyewe.

Tatu, sogeza gari mpaka karibu iguse ukuta, ikiwa imenyooka. Kwa chaki weka alama ya msalaba mbele ya kitovu cha kila taa, pale globu inapokaa. Unganisha misalaba hiyo miwili kwa mstari mmoja mrefu wa kulala. Huo ndio urefu wa taa zako. Kwenye kila msalaba piga pia mstari wa kusimama.

Nne, rudi nyuma moja kwa moja mpaka kutoka taa hadi ukuta iwe mita 10. Uwanja ukiwa mdogo, mita 5 zinatosha. Dereva akae kwenye kiti chake, mwenzake aitikise gari kidogo ili springi zitulie. Subiri magharibi giza lianze, washa dimu.

Sasa ona. Dimu nzuri ukutani ina kama ukingo: chini mwanga, juu giza, na kati yao mstari unaoonekana. Upande wa kulia ukingo huo umelala, na kuanzia katikati kwenda kushoto unapanda kidogo. Haukuwekwa hivyo kwa urembo. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo kulia ndiko yanakotoka macho ya wenzetu, na kushoto ndiko waliko mwenda kwa miguu, mbuzi na baiskeli. Taa inainama kwa mmoja na kuinuka kwa mwingine.

Za mdogo wangu zilionyesha nini? Hakuna ukingo! Mwanga umetapakaa ukuta mzima mpaka kwenye paa. Baba mdogo akacheka: "Hiyo globu sio ya nyumba hiyo." Maana yake ni kwamba kile kikombe kinachong'aa ndani ya taa kilichongwa kwa ajili ya globu ya waya, na waya hukaa mahali pamoja palipopimwa kwa milimita. Ukiingiza globu ya LED ambayo vijitaa vyake havikai pale pale, kikombe kinarusha mwanga hovyo. Kwa anayeendesha unaonekana mwingi, kumbe umemwagika kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Globu za zamani zilikuwa bado kwenye kiboksi cha gari. Tukazirudisha, na mara ukingo ukaonekana ukutani kama umepigwa rula.

Tano, pima. Taa za gari ndogo, dimu yake inatakiwa ishuke kama sentimita 1 kwa kila mita 1. Kwa hiyo ukiwa mita 10 kutoka ukutani, ule ukingo uliolala uwe sentimita 10 chini ya mstari wa chaki. Ukiwa mita 5, uwe sentimita 5 chini. Baadhi ya taa zimeandikwa kabisa kipimo chake, mfano 1.0% au 1.2%, ukiiona hiyo, ifuate. Na ile kona ambapo ukingo unaanza kupanda ikae kwenye mstari wa kusimama wa taa hiyo.

Hesabu yake ni ya darasa la nne. Taa ikiwa sentimita 70 kutoka chini, na mwanga unashuka sentimita 1 kila mita, utagusa barabara mita 70 mbele. Ukiwa unakwenda 80 kwa saa unakata kama mita 22 kila sekunde, kwa hiyo una sekunde tatu za kumwona mtu. Ukiziinamisha sana, zishuke sentimita 4 kila mita, mwanga unaishia mita 17 na nusu. Hapo hata sekunde moja huna! Ndiyo maana dawa ya taa kali sio kuzilaza chini kabisa kama mtu anayeona haya. Dawa ni kipimo.

Sita, kaza na legeza. Fungua boneti, chungulia nyuma ya taa. Kwa kawaida kuna skrubu mbili kwa kila taa: moja ya juu na chini, nyingine ya kushoto na kulia. Kwenye gari nyingi za Japani unapenyeza bisibisi ya nyota kutoka juu, inaingia kwenye kigia kidogo cha plastiki. Nyingine zinataka spana ndogo. Zile taa za duara za Land Rover na Land Cruiser za zamani, skrubu zake ziko mbele kwenye fremu. Angalia usije ukafungua bolti zinazoshika taa yenyewe, utaibeba mkononi! Ziba taa moja kwa kipande cha boksi, ukishike mbele yake bila kukigandisha kwenye kioo, maana taa zina joto na vioo vya siku hizi ni plastiki. Zungusha robo mzunguko, angalia ukuta. Robo tena, angalia. Ukiona mwanga unakwenda kinyume, rudisha. Skrubu ikigoma kwa vumbi na kutu, tia mafuta kidogo usubiri. Ukilazimisha, plastiki inakatika na hapo umejinunulia taa nzima.

Ukimaliza moja, geukia nyingine. Kwenye taa ambazo globu moja ina fulu na dimu pamoja, ukiiweka dimu sawa fulu inafuata yenyewe.

Tukadhani tumemaliza. Baba mdogo akasema, "Bado. Pakieni yale magunia."

Tukapakia magunia mawili, na vijana wanne waliokuwa wanatushangaa wakaingia ndani. Jamani! Ule ukingo tuliouhangaikia ulipanda ukutani mbele ya macho yetu, ukauvuka mstari wa chaki kwenda juu. Hakuna aliyegusa skrubu.

Hapa naomba unisikilize vizuri, hasa wewe unayebeba abiria au unayesafiri kwenda kwenu Desemba na buti limejaa. Gari ndogo ina kama mita 2 na nusu kati ya tairi za mbele na za nyuma. Mzigo ukiilaza nyuma kwa sentimita 5 tu, pua inainuka, na mwanga uliokuwa unashuka sentimita 1 kila mita sasa unapanda sentimita 1 kila mita. Kwa mtu aliye mita 50 mbele, umefika sentimita 120 kutoka chini. Unajua ni nini kilichoko kwenye sentimita 120? Macho ya dereva wa gari ndogo. Na macho ya mzee aliyeinama kusukuma baiskeli yake mlimani. Dimu imekuwa fulu, na wewe unaapa kwamba umeweka dimu.

"Sasa mzee, nifanyeje, maana mimi kila siku nabeba?" mdogo wangu akauliza.

Jibu lilikuwa na sehemu tatu. Ya kwanza, springi za nyuma zimechoka, zibadilishwe, na mzigo upungue. Ya pili, kama gari ina kigurudumu, kitumike kila inapopakiwa. Ya tatu, kama haina, na yake haikuwa nacho, basi taa zilengwe gari ikiwa na mzigo wake wa kila siku. Siku ikiwa tupu, mwanga utaishia karibu, kama mita 23 hivi, na dawa yake ni kupunguza mwendo. "Usipoona mbali, utakwenda taratibu," alisema baba mdogo. "Lakini uliyempofua hana cha kupunguza."

Tukapima upya na magunia ndani. Robo, robo, robo. Mwisho mimi nikatumwa nisimame mita 20 mbele ya gari na kuchuchumaa mpaka macho yawe usawa wa dereva aliyekaa. Niliziona taa, zinawaka vizuri, lakini hazikunichoma. Chini, miguu yangu ilionekana mpaka kamba za viatu.

Kuna jambo moja bisibisi haliwezi. Burundi na Kongo wanaendesha kulia. Gari iliyotengenezewa barabara za kulia, taa zake zinapandisha mwanga kulia, na ikivuka kuja kwetu, kule kulia ndiko tuliko sisi wengine. Pande za Kigoma utakutana nazo. Ukuta utakuambia: mwanga ukipanda kushoto, sawa. Ukipanda kulia, taa hizo si za huku. Hata uzungushe skrubu mpaka mkono uote sugu, umbo la mwanga halibadiliki. Tafuta taa za kushoto. Kwa hiyo ukinunua taa za mtumba Dar, usiangalie kama zinang'aa tu, ulizia zimetoka kwenye gari la usukani upi.

Na hata taa ikilengwa vipi, vilima ni vilima. Unapokaribia kileleni pua inatazama mbinguni, na anayekuja upande wa pili bado humwoni. Weka dimu kabla ya kilele, usingoje mpaka umwone.

Jioni ile ile tulikwenda kwa mzee wa ndizi, tumebeba ringi mpya. Mdogo wangu aliinunua mwenyewe, hakukubali nichangie hata mia. Mzee akapokea, akatukaribisha ndani, akatuwekea ndizi. Zile zile. Tukala kimya kimya, na goti lake lilikuwa limevimba.

Njiani kurudi tulipishana na pikipiki mbili, Canter moja na Noah iliyojaa mpaka mlangoni. Hakuna aliyetupigia fulu. Mdogo wangu akawa anazihesabu kwa sauti kama mtoto. Halafu kwenye mteremko ule ule akaja kijana na baiskeli, madumu ya maji nyuma. Tulimwona mbali, upande wetu wa kushoto, tairi kwanza, halafu miguu, halafu shati. Hakuinua mkono. Akapita zake, anapiga mluzi.

Globu nyeupe zilichukua elfu hamsini. Kulenga taa kulichukua chaki moja, na tulimwomba mwalimu.

Wewe uliye Sinza, Mbezi au Gongo la Mboto, unayependa taa ziwake mpaka jirani aamke, jiulize jambo moja wiki hii. Ukipigiwa fulu mara tatu kwa usiku mmoja na wewe umeweka dimu, usiwatukane. Wanakuambia kitu. Tafuta ukuta.

Haya, mpenzi msomaji, nafasi imeniishia. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Ukiwa barabarani usiku, na mwenzako afike.